Nati iliyochelewesha ndege ya kwanza



Tarehe 17 Desemba 1903 wote tunaijua, hata yule aliyekuwa analala katika somo la historia. Siku ile ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walirusha ndege yenye moteri na mtu juu yake, pale Kill Devil Hills, karibu na kijiji cha Kitty Hawk, jimbo la North Carolina. Safari ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12 tu.

Mimi leo sitaki tukae sana kwa Desemba. Ninataka tuongee juu ya Novemba ya mwaka ule ule. Juu Novemba ile mabawa yalikuwa tayari, moteri ilikuwa tayari, usukani ulikuwa tayari, na ndege haikuruka. Watu wengi wanafikiri walikuwa wanangojea upepo mzuri ao bado wanatafuta akili fulani kubwa. Hapana. Mwezi karibu mzima uliliwa na vyuma vinavyoshika elisi: shafti mbili, pinyo mbili, na nati zake.

Elisi, kwa wale wanaosoma toka Dar es Salaam ao Nairobi, ndiyo ile mnaita propela. Vitabu vya Kiswahili sanifu vinaita rafadha. Mimi nitasema elisi, ndiyo neno la mafundi wa kwetu huku.

Najua swali lako: wewe umesoma kilimo, mambo ya ndege yanakuhusu nini? Yananihusu juu kila mashine ninayoijua katika kazi yangu, ya kusaga muhogo, ya kupukucha mahindi, ya kupiga maji, inakufa kwa ugonjwa ule ule ndege ya kwanza ilikaribia kufa nao. Na yananihusu kwa sababu ingine nitaifikia mwishoni, juu iko na maisha ya watu ndani.

Mafundi wa kinga

Tuanze na watu wenyewe. Wilbur alizaliwa 1867, Orville 1871. Hakuna kati yao aliyeingia chuo kikuu. Kazi yao ilikuwa kutengeneza na kuuza kinga, yaani baiskeli, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Faida ya duka ndiyo ililipa ndege. Mpaka siku ya kuruka walikuwa hawajatumia hata dola 1000.

Wakati ule ule kulikuwa mwanasayansi mkubwa, Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian kule Washington. Yeye alikuwa amepewa dola 50 000 na wizara ya vita ya Marekani, na moteri yake ilikuwa na nguvu za farasi 52, moteri nzuri sana kwa wakati ule. Moteri ya kina Wright ilitengenezwa na fundi wao, Charlie Taylor, katika muda wa wiki 6 hivi, na ilitoa nguvu za farasi karibu 12. Ukilinganisha kwa karatasi tu, Langley ameshinda.

Kwa elisi yenyewe, ndugu hawa walifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu kuliko hata kuruka kwenyewe. Walifikiri watafungua vitabu vya mafundi wa meli, wachukue hesabu za elisi za majini, wazigeuze kidogo kwa hewa. Wakakuta hesabu ile haipo. Elisi za meli zilikuwa zinatengenezwa kwa kujaribu-jaribu. Basi wakakaa, wakabishana, wakaandika madaftari, mpaka wakafikia wazo moja: elisi ni bawa linalozunguka. Walikuwa tayari na vipimo vya mabawa, walivyopima mwaka 1901 ndani ya sanduku la upepo walilojitengenezea dukani. Wakatumia vipimo vile, wakachonga elisi mbili za ubao, kila moja na urefu wa karibu mita 2,6. Watu wa siku zetu waliotengeneza nakala zake na kuzipima wamekuta zinageuza zaidi ya 70 kwa mia ya nguvu kuwa msukumo. Kwa mbao iliyochongwa kwa mkono mwaka 1903, hiyo si mchezo.

Sasa elisi zikiwa mbili na moteri moja, nguvu itafika namna gani? Walifanya sawa vile mtu wa kinga angefanya: mnyororo. Moteri ilikaa juu ya bawa la chini. Minyororo miwili ilitoka kwa moteri, kila mmoja ukaenda kuzungusha pinyo. Pinyo imefungwa kwa shafti, na upande mwingine wa shafti kuna elisi. Mnyororo mmoja waliukunja kama namba 8 ili elisi ile izunguke kinyume na mwenzake, ndege isivutwe upande mmoja. Ni akili rahisi na nzuri. Lakini angalia vizuri: nguvu yote ya ndege, farasi wote 12, inapita katika sehemu mbili ndogo, pale pinyo inapokaza kwenye shafti, na pale shafti inaposhika elisi. Sehemu ile ikilegea, mabawa yote mazuri yale ni kitambaa tu.

Novemba

Tarehe 5 Novemba 1903 waliwasha moteri ikiwa imefungwa kwenye ndege. Moteri haikuzunguka vizuri. Ilikuwa inaruka-ruka, inapiga na kukosa. Kila pigo lilishika elisi na kuitikisa, na shafti zikaharibika. Shafti zile zilikuwa bomba za chuma, zenye uwazi ndani. Kambini hakukuwa na mashine ya kuzitengeneza. Rafiki yao George Spratt, aliyekuwa anarudi kwao siku ile, alizibeba mpaka Norfolk ili zitumwe Dayton kwa Charlie Taylor. Ndege ikabaki bila shafti kwa wiki mbili, na baridi inaingia.

Wakiwa wanangoja, mgeni mmoja, Octave Chanute, injinia mwenye jina, aliwaambia kwamba minyororo inapoteza nguvu nyingi, karibu 20 kwa mia. Wao walikuwa wamehesabu 5 kwa mia tu. Kama Chanute ana haki, ndege haitoki chini. Hawakubishana naye kwa maneno. Walichukua mnyororo na mifuko ya mchanga, wakapima kwa mikono yao, wakakuta hesabu yao ndiyo iko karibu na ukweli.

Tarehe 20 Novemba shafti zikarudi. Zikafungwa siku ile ile, moteri ikawashwa. Shida mpya: pinyo zinafunguka. Na hapa ndipo inapendeza, juu watu hawa hawakuwa wajinga wa nati. Pinyo ilikuwa imefungwa kwenye shafti kwa uzi, na nyuma yake walikuwa wameweka nati ya uzi wa kinyume ili kuifunga. Ni akili ya kinga ile ile: angalia pedali ya kushoto ya kinga yako, uzi wake unakazwa kinyume, ndiyo maana haifunguki ukiwa unapiga. Kila fundi angesema dawa ile inatosha. Haikutosha. Walikaza, ikafunguka. Wakakaza tena, ikafunguka tena. Usiku wakaenda kulala bila moyo.

Asubuhi wakakumbuka kitu cha dukani. Wakati ule tairi za kinga zilikuwa zinabandikwa kwenye rimu kwa gundi ngumu, inayoyeyuka ukiichoma na kuwa kama jiwe ikipoa. Siku moja waliwahi kutengeneza saa kwa gundi ile, saa ambayo mafundi wa saa walisema haitengenezeki tena. Basi wakapasha shafti na pinyo moto, wakayeyusha gundi ndani ya nyuzi, wakakaza. Ikashika. Pinyo hazikufunguka tena.

Wenzangu, mafundi wa leo wananunua chupa ndogo ya gundi ya kufunga nyuzi za boliti, wanaweka tone moja, wanakaza. Kazi yenyewe ni ile ile ya asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1903.

Lakini haikuisha. Tarehe 28 Novemba, wakiendesha moteri ndani ya nyumba, waliona kitu hakiko sawa kwenye shafti moja. Wakazima, wakaangalia: imepasuka. Mstari mwembamba tu. Hebu jiweke mahali pao. Umekaa kambini toka Septemba, maji yanaganda usiku, Langley yuko karibu kujaribu tena, na ufa wenyewe ni mdogo, mtu anaweza kusema "turuke tu mara moja, tutatengeneza kisha". Wao walisimamisha kila kitu. Tarehe 30 Novemba Orville alichukua safari ya kurudi Dayton, njia ndefu ya mashua na treni, kwenda kutengeneza shafti zingine. Wilbur akabaki.

Tarehe 8 Desemba, Orville akiwa bado Dayton, ndege ya Langley ilirushwa juu ya mto Potomac na ikaanguka majini kwa mara ya pili. Orville alifika kambini tarehe 11 Desemba na shafti mpya. Tarehe 14 Wilbur alijaribu, akainua pua sana, ikaanguka baada ya sekunde 3 na nusu, mbao kidogo zikavunjika. Tarehe 17 ikaruka mara nne. Ya kwanza karibu mita 37. Ya mwisho mita 260 katika sekunde 59. Shafti zikashika.

Bomba nene, fimbo nyembamba

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Orville aliporudi Dayton, hakutengeneza bomba nene zaidi. Alifanya kinyume. Alitengeneza fimbo za chuma kigumu cha vyombo, bila uwazi ndani, na nyembamba kuliko bomba za kwanza.

Sababu gani? Kwa hesabu, zile bomba zilikuwa na nguvu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kama moteri ingetoa nguvu laini, sawasawa kama maji ya mto, zisingepasuka. Lakini moteri yenye silinda haitoi nguvu kama mto. Inatoa ngumi: mlipuko, halafu mwingine, halafu mmoja unakosekana, halafu mmoja unakuja mapema. Upande wa pili kuna elisi nzito inayotaka kuzunguka kwa mwendo ule ule bila kubadilika. Katikati yao kuna shafti. Bomba pana haikubali kujipinda, kwa hiyo inapokea kila ngumi yote kwa mwili wake na kuisukuma mpaka kwenye nati na kwenye maungio. Fimbo nyembamba inajipinda kidogo na kurudi. Inafanya kazi ya resori. Inameza ngumi.

Kwa sisi wa kilimo hii si ajabu. Angalia shina la mahindi katika dhoruba ya Februari. Lile linaloinama linaamka asubuhi. Chuma nacho ni hivyo: nguvu peke yake haitoshi, lazima kuwe na nafasi ya kutoa na kurudisha.

Nimeiona kwa macho katika staji yangu, kwenye mashine moja ya kusaga muhogo. Moteri ya silinda moja ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye kinu, chuma kwa chuma, bila mkanda. Kila siku mbili nati zinalegea, na kila mara dawa ilikuwa kukaza kwa nguvu zaidi, mpaka siku boliti zikakatika. Fundi mzee alipokuja hakuongeza ukubwa wa boliti. Aliweka mkanda wa mpira katikati. Nati zikakaa. Mzee yule hakuwahi kusoma habari za Orville Wright, lakini walifikia mahali pamoja.

1908

Kuna watu watasema: sawa, wamechelewa mwezi mmoja, si kitu. Basi tuende mbele miaka mitano.

Tarehe 17 Septemba 1908, pale Fort Myer, karibu na Washington, Orville alikuwa anaonyesha ndege yao kwa jeshi la Marekani. Kando yake alikaa luteni kijana, Thomas Selfridge, umri miaka 26. Ndege ilikuwa imewekwa elisi mpya, ndefu kidogo kuliko za kwanza. Wakiwa hewani, elisi moja ilipasuka kwa urefu. Upande ule ukapoteza msukumo, mtetemo ukaanza, elisi ikapiga waya uliokuwa unashikilia usukani wa nyuma, waya ukatoka, ndege ikageuza pua chini. Orville alivunjika paja na mbavu. Selfridge alikufa jioni ile. Yeye ndiye mtu wa kwanza katika historia kufa katika ajali ya ndege yenye moteri.

Ajali ya siku ile haikuanza na moteri. Wala haikuanza na mabawa. Ilianza na ubao wa elisi, ikaendelea na mtetemo, ikaishia kwenye waya mmoja. Ndiyo namna mambo haya yanavyokwenda: kitu kidogo kinaita kikubwa.

Wanaojitengenezea ndege leo

Toka wakati ule hadi leo kuna watu wanaotengeneza ndege nyumbani kwao, kwenye gareji, jioni baada ya kazi. Marekani wako na chama chao, Experimental Aircraft Association, kilichoanzishwa mwaka 1953. Wengi wanatumia elisi ya ubao, juu ni nyepesi na inameza mtetemo. Na hawa watu wako na sheria za kufunga elisi ambazo mtu akizisoma bila historia anaweza kuona ni usumbufu. Ukizisoma ukijua Novemba 1903 na Septemba 1908, kila moja inaeleweka. Nitaeleza zile kubwa.

Ya kwanza: jua boliti inafanya kazi gani. Elisi ya ubao inakaa katikati ya vyuma viwili: nyuma kuna sahani ya shafti ya moteri, mbele kuna sahani nyingine ya kukandamiza. Boliti, mara nyingi 6, zinapita ndani ya vyote. Watu wanafikiri boliti ndizo zinazosukuma elisi izunguke, kama misumari. Sivyo inavyotakiwa. Boliti zinabana, na mbano ule unafanya ubao ushikane na sahani, na kushikana kule ndiko kunabeba sehemu kubwa ya nguvu ya moteri. Mbano ukipungua, ubao unaanza kuteleza kidogo-kidogo kwa kila pigo. Unapata moto wa msuguano, unaungua na kuwa mweusi pale nyuma, matundu yanapanuka, na sasa kila ngumi ya moteri inapiga boliti kwa upande. Boliti za kubana zikipigwa kwa upande mara maelfu, zinakatika. Ukifungua elisi ukakuta ubao umeungua nyuma, elisi ile imekuambia ilikuwa karibu kuondoka.

Ya pili: ubao unapumua. Hii wenzangu wa kilimo na wa misitu wanaijua vizuri. Ubao ukikaa katika unyevu unavimba, ukikauka unanywea, na unanywea zaidi kukata nyuzi kuliko kufuata urefu wake. Katika elisi boliti zinapita kukata nyuzi. Fanya hesabu: kitovu cha elisi chenye unene wa sentimita 10 kikinywea 1 kwa mia tu, kimepoteza milimita 1 nzima. Boliti iliyokazwa ni resori; imevutwa sehemu ndogo sana ya milimita, na mvuto ule ndio mbano wako. Ubao ukinywea, mbano unakwisha, na hakuna mtu aliyegusa nati. Ndiyo maana watengenezaji wa elisi wanaagiza kuangalia mkazo tena baada ya saa za kwanza za kuruka, halafu kila mara kwa muda uliowekwa, na kila msimu ukibadilika. Ndege iliyofungwa elisi katika masika si ndege ile ile katika kiangazi. Na kukaza kupita kipimo nako ni kosa, juu kunaponda nyuzi za ubao, na ubao uliopondwa haurudi. Kwa hiyo wanatumia ufunguo wenye kupima nguvu ya kukaza, na namba wanaitoa kwa mtengenezaji wa elisi, si kwa mkono wa fundi mwenye misuli.

Ya tatu: boliti gani. Boliti za ndege za kawaida, zile za alama ya AN, ziko na msalaba ao nyota juu ya kichwa. Chuma chake kinapaswa kubeba karibu kilo 88 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika. Sasa sokoni utapata boliti yenye namba 12.9, na kwa karatasi inaipita ile ya AN kwa nguvu. Mtu atasema: basi nachukua yenye nguvu zaidi. Ni bomba la Orville linarudi tena. Chuma kigumu zaidi kinakubali kujivuta kidogo tu kabla ya kukatika, na mkwaruzo mdogo juu yake unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Juu ya hiyo, sokoni namba iliyopigwa kichwani mara nyingine ni namba tu, hakuna anayejua chuma kimetoka wapi. Boliti ya ndege unalipa bei ya kujua imetoka wapi.

Ya nne: urefu. Sehemu laini ya boliti, ile isiyo na uzi, ndiyo inapaswa kujaza tundu. Uzi ukikaa ndani ya ubao unakula ubao kama tupa. Na boliti ikiwa ndefu kupita, nati ao uzi wa sahani unafika mwisho kabla ya kubana. Ufunguo unasoma kipimo kizuri, mkono unasikia imekaza, kumbe elisi imelegea. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, juu inadanganya mtu mwaminifu. Wanaitengeneza kwa kuchagua urefu sawasawa na kuongeza ao kupunguza rondeli.

Ya tano: waya. Boliti nyingi za elisi zina tundu dogo katika kichwa. Ukimaliza kukaza unapitisha waya, unaunganisha vichwa viwili-viwili, unauzungusha kwa upande ambao boliti moja ikitaka kufunguka inavuta mwenzake ikaze. Waya hauongezi mbano hata kidogo. Unazuia boliti kutoka. Ni ndugu wa ile gundi ya tairi.

Swali letu

Sasa ile sababu ingine niliyosema mwanzoni. Kila baada ya miezi michache inazunguka kwenye simu zetu video ya kijana fulani wa Afrika aliyejitengenezea ndege ao helikopta kwa moteri ya pikipiki, mabomba na mabati. Sisi wasomi tunafanya moja kati ya mambo mawili. Kuna wanaocheka. Kuna wanaopiga makofi na kuandika "serikali isaidie, huyu ni Wright wa kwetu". Wa kwanza hawana heshima. Wa pili, samahani, wanaweza kumuua.

Juu kitu kilichofanya kina Wright kuwa Wright si ujasiri wa kupanda chombo walichojitengenezea. Ujasiri hata Langley alikuwa nao, ao tuseme yule injinia wake aliyekaa ndani na kuanguka mara mbili mtoni. Ni ile siku ya 28 Novemba: waliona ufa mwembamba kama unywele, na wakakubali kupoteza wiki mbili, na pengine hata nafasi ya kuwa wa kwanza. Kijana wetu akiwa mbele ya simu 50 zinazomrekodi, na chifu amekuja, na umati unaimba jina lake, nani atamruhusu kusema "leo hapana, boliti moja haijanipendeza"? Makofi yetu yanamfungia mlango ule.

Kwa hiyo ninapendekeza kitu kimoja, na hakina gharama. Siku utakayokutana na kijana kama huyo, usimuulize ndege itaruka lini. Muulize: elisi imeshikwa na nini? Boliti umezipata wapi? Ulizikaza kwa kipimo gani, na ulizirudilia lini mara ya mwisho? Kama anajibu vizuri, uko mbele ya injinia, mtafutie msaada wa kweli, mtafutie boliti zenye alama, mpeleke kwa watu wa usafiri wa anga wamwangalie. Kama hajui, uko mbele ya mtu mwenye kipaji ambaye bado yuko hai, na swali lako ndiyo zawadi ya kwanza ya maana aliyopewa.

Na sisi wenye mashine za chini, za kusaga, za kupukucha, za kupiga maji, swali ni lile lile. Kule nati ikitoka tunapoteza siku ya kazi, ao kidole cha mtoto anayesimama karibu na kinu. Kesho asubuhi, kabla ya kuvuta kamba ya moteri, chukua ufunguo uzunguke mara moja.